Kibanda cha Wavu Uani: Nani Atakaa Ndani?



Katika mitaa mingi ya Goma, tangu Himbi na Katindo mpaka Ndosho na Majengo, twaona vibanda vidogo vikisimamishwa uani, kando ya nyumba. Wengine huviita payoti, wengine baraza. Nguzo nne au sita, paa juu, viti katikati. Na wenye uwezo huzungushia wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Ni kitu chema. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, vyumba ni vidogo, na jioni kila mtu hutamani kukaa nje apate upepo wa ziwa na maongezi ya watu wake.

Kwa hiyo watu huuliza: kibanda cha namna gani kinafaa? Nguzo za mbao au za chuma? Paa la majani au la bati? Wavu upi? Maswali haya yana majibu yake, nasi tutayatoa hapa chini. Lakini kabla hamjamwita fundi, twapenda kuwauliza maswali mawili ambayo fundi hatawauliza. Nani atakaa ndani ya kibanda hicho? Na kitasimama mahali gani? Aliyeyajibu vizuri maswali haya mawili, hata akijenga kwa mbao za bei ndogo, amejenga vema. Aliyeyaruka atakuwa amenunua pambo la ua, na pengine amejinunulia hatari.

SAA AMBAZO CHANDARUA HAKITULINDI

Tuanze na adui mwenyewe. Kongo yetu ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wanaougua malaria. Wako watu wa Goma wasemao: «Sisi tunakaa juu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wetu una baridi. Malaria ni ya Walikale na ya mabonde yenye joto.» Ni kweli kwamba baridi ya mahali pa juu hupunguza mbu, lakini haiwamalizi. Tena mtu aliyekulia mahali penye mbu wachache, mwili wake haukuzoea kushindana na ugonjwa huo. Ukimpata humwangusha vibaya.

Mbu aletaye malaria ni anofelesi jike, naye ana saa zake. Huamka jua linapotua, hutafuta damu usiku, hujificha kunapopambazuka. Wengi wao huuma usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Ndiyo sababu chandarua chenye dawa ni silaha ya kwanza. Lakini wengine hawangoji. Huanza kazi tangu saa moja ya usiku, wakati ambapo mama bado anapika, watoto wanasoma kwa taa, wazee wanaongea. Chandarua kimefungwa vema juu ya kitanda, nacho hakimlindi mtu yeyote, maana hakuna aliye ndani yake. Kati ya jua kutua na saa ya kulala zipo saa tatu au nne zisizo na mlinzi. Kibanda cha wavu kazi yake ni kulinda saa hizo.

Nguvu ya wavu ilithibitishwa zamani. Mwaka 1898, Mwitalia Giovanni Battista Grassi na wenzake walionyesha kwamba anofelesi ndiye anayemtia mtu malaria. Wengi hawakusadiki. Walishika maneno ya kale ya kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Na hata jina lenyewe, malaria, kwa Kiitalia maana yake ni hewa mbaya. Ndipo mwaka 1900 mganga Patrick Manson wa Uingereza alipotaka kuwaonyesha watu kwa macho yao. Kibanda cha mbao kilitengenezwa Uingereza, kikapelekwa Italia, kikasimamishwa karibu na Ostia, katika nchi tambarare iliyo kando ya Roma, nchi iliyoogopwa kwa homa zake. Milango na madirisha yote yalifungwa wavu. Waganga wawili, Louis Sambon na George Carmichael Low, wakakaa humo pamoja na wenzao tangu Julai hata Oktoba, ndiyo majira ya homa. Mchana walitembea walikotaka, walikunywa maji ya mahali pale, walivuta ile hewa ya mabwawa. Kwinini hawakumeza. Sharti lao lilikuwa moja tu: kabla jua halijatua wawe ndani, wasitoke mpaka lichomoze. Wakazi wa pale waliugua. Wao walibaki wazima.

Wataalamu wa siku zetu wamelipima jambo hili hapa Afrika pia. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Gambia. Nyumba zilizofungwa wavu madirishani na milangoni, na kuzibwa nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, ziliingiwa na mbu chini ya nusu ya wale walioingia katika nyumba zisizofungwa. Na watoto waliopungukiwa damu, dalili ambayo malaria huiacha mwilini, walikuwa 19 katika kila mia katika nyumba zisizo na wavu, na 12 katika kila mia katika nyumba zenye wavu. Basi mtu asiudharau wavu akisema ni uzi tu.

KILA KITU KWA ZAMU YAKE

Hata hivyo, twawaomba msikimbilie kujenga. Tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, fedha zimekuwa ngumu kwa jamaa nyingi, na kila faranga yafaa iulizwe inakwenda wapi. Shauri letu ni hili.

Kwanza chandarua. Hesabuni vitanda na mikeka yenu. Kama katika nyumba yuko hata mtoto mmoja anayelala bila chandarua, au chandarua kimetoboka kama kimeliwa na panya, habari ya kibanda iahirishwe.

Pili madirisha. Wavu uliopigiliwa kwenye dirisha la chumba hufanya kazi usiku kucha, mwaka mzima, nao ni kipande kidogo tu. Zibeni na nafasi iliyo chini ya bati, juu ya ukuta. Huo ndio mlango mkuu wa mbu, nasi hatuutazami kwa sababu uko juu ya vichwa vyetu.

Tatu kibanda. Hapo sasa, kama kiwanja kinatosha na fedha zimebaki, jengeni.

Na ninyi mnaopanga, ambao ua si wenu, msikate tamaa. Fundi awatengenezee viunzi vya mbao vyenye wavu, vinavyopachikwa dirishani kwa vibanio. Siku ya kuhama mnavitoa, mnaondoka navyo. Au mwombeni mwenye nyumba ruhusa ya kufunga wavu kwenye kibaraza cha mbele: paa lipo tayari, ukuta mmoja upo tayari, zimebaki pande tatu tu. Kibaraza cha namna hiyo si duni hata kidogo kuliko payoti ya tajiri. Wahenga wetu walisema: «Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.»

NANI ATAKAA NDANI?

Sasa tufike kwenye swali la kwanza. Tazameni ua wa watu saa moja ya usiku. Payoti ipo, imepakwa rangi. Ndani yake amekaa baba pamoja na wageni wake wawili, chupa ziko mezani. Mama je? Mama yuko nje, ameinama juu ya mbabula, anapuliza makaa, miguu yake wazi. Mtoto mchanga yuko mgongoni. Wawili wengine wanamenya viazi kando yake, mmoja amelala mkekani. Mbu wa jioni ile hawana haja ya kuhangaika na wavu. Chakula chao kiko nje.

Waganga wote wanafundisha jambo moja: malaria huwaua zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, na humdhuru sana mama mwenye mimba pamoja na mtoto aliye tumboni. Basi kama katika ua mna viti vinne tu nyuma ya wavu, viti hivyo vina wenyewe, nao si wageni wa baba.

Labda baba mmoja atasema: «Mimi nimejenga kwa jasho langu. Je, nisiwapokee rafiki zangu kwa heshima?» Wapokee, ndugu yetu, tena karibu sana. Lakini heshima ya mwenye nyumba huonekana katika afya ya watu wake. Ukijenga kwa mita tatu kila upande, watu wazima sita hukaa bila kubanana, na nafasi ya mkeka wa watoto hubaki. Ukiongeza mita moja upande mmoja, wageni na watoto hawatagongana. Kibanda cha kukaa wanaume peke yao ni fedha nyingi kwa faida ndogo. Kibanda cha jamaa nzima ni dawa.

Na habari ya kupika? Hapa yafaa akili. Mbabula isiwekwe katikati ya kibanda, maana makaa hutoa gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, tena watoto huchezea moto. Yafaa kibanda kijengwe ubavuni mwa jiko, mlango wake uelekee jikoni. Kazi zote zisizohitaji moto, yaani kumenya, kuchambua mchele, kutwanga sombe, kuwanyonyesha watoto, zifanyike ndani ya wavu. Mama atoke kugeuza sufuria, arudi. Na kama chakula chaweza kupikwa mapema, kabla jua halijatua, kipikwe mapema. Baba na vijana wakichota maji na kuwasha makaa saa kumi, mama hatachelewa mpaka saa mbili. Hilo halihitaji mbao wala misumari.

Mvua inapokuja, wengi hushusha turubai pande zote na kuingiza mbabula ndani ili wapate joto. Jambo hilo twalikataza kwa nguvu. Wavu hupitisha hewa, turubai haipitishi. Kibanda kilichozibwa hivyo na makaa yanawaka ndani chaweza kuwaua watu wakiwa wamekaa vitini, wakidhani ni usingizi tu.

KITASIMAMA WAPI?

Swali la pili ni la Goma hasa. Mtu wa Kisangani hatalielewa. Chini ya miguu yetu ni mawe ya Nyiragongo. Katika mawe hayo mna nyufa, na katika nyufa nyingine hupanda gesi iitwayo kabonidayoksaidi. Gesi hii haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo hutiririka kama maji yasiyoonekana na kukaa mabondeni na mashimoni. Wenyeji waliijua kabla ya wataalamu, nao waliipa jina ambalo leo wanajimu wa volkano duniani kote wamelichukua: mazuku.

Mazuku hayako kila mahali mjini. Yamejulikana hasa upande wa magharibi, karibu na ufuko wa ziwa, kuelekea Bulengo, Mugunga na Ziwa la Kijani. Mchana jua na upepo huyatawanya. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, hukusanyika na kupanda. Hapo mbwa huanguka, mbuzi huanguka, na watu pia wamekufa. Kwa kuwa gesi hulala chini, mtu mzima aliyesimama aweza kuwa mzima kabisa, hali mtoto aliyelala kwenye mkeka mbele ya miguu yake anakufa. Na anayeinama kumwinua aweza kuanguka juu yake.

Sasa mwaona hatari yenyewe. Mtu mwenye kiwanja kisicho sawa hujenga nyumba mahali pa juu, kisha husema: «Lile shimo la nyuma, lenye kivuli na utulivu, nitaweka payoti.» Mahali pa kivuli, pasipo na upepo, palipozungukwa na kuta za mawe, ndipo mazuku hupenda kukaa. Wavu huzuia mbu, mazuku hauyazuii.

Basi fanyeni hivi. Kibanda kisimame mahali pa juu kuliko pengine pote katika kiwanja, palipo na upepo. Kama kiwanja chote ni bonde, au mko katika mitaa tuliyoitaja, waulizeni wazee wa mtaa kama wanyama wamewahi kufa mahali pale bila sababu, na mkawaulize wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, maana wao hupima gesi hizo. Mkiona asubuhi wadudu, vyura au ndege wamekufa ndani ya shimo, msikae hapo, wala watoto wasichezee hapo mchana. Wako watu wanaopima kwa mshumaa, wakisema: ukizimika, pana mazuku. Ni kweli kwamba gesi hiyo huzima moto. Lakini yaweza kumdhuru mtu kabla haijafika kiasi cha kuuzima. Mshumaa unaowaka usiwe kwenu ushahidi wa usalama.

MBAO, MAWE NA MSINGI

Mahali pakipatikana, kazi iliyobaki ni nyepesi. Katika mji huu ni shida kuchimba mashimo ya nguzo, kwa sababu ya mwamba. Wala si lazima. Pangeni mawe ya volkano kwa saruji, sakafu iinuke sentimita 40 au 50 juu ya ardhi, na katika pembe zake mzike vipande vya chuma vya kushikilia nguzo. Sakafu iliyoinuka huondoa maji ya mvua na matope. Tena ijazwe saruji vizuri, maana sakafu ya mbao zenye nafasi huwakaribisha mbu kutoka chini.

Nguzo na viunzi viwe vya mbao. Mikaratusi yapatikana kila mahali, na chukudu moja yaweza kuleta mbao zote za kibanda kidogo kwa safari moja au mbili. Wengine hupenda kuta za mawe mpaka juu, wakisema mbao huoza. Twawakumbusha habari za mji wetu. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977. Ikalipuka tarehe 17 Januari 2002, moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku zilizofuata ardhi ikatetemeka hata kuta nyingi zikapasuka, hapa na ng'ambo ya mpaka pia. Ukuta wa mawe usio na nondo ukiwaangukia watu ni jambo la kutisha. Kibanda chepesi cha mbao huyumba na kubaki kimesimama. Na kikifungwa kwa skrubu badala ya misumari, chaweza kufunguliwa na kuhamishwa.

Nyuzi zisiguse sakafu. Wekeni ukuta mfupi wa mbao, wa sentimita 80, kuzunguka pande zote, ndipo wavu uanzie juu yake. Ukuta huo huzuia miguu ya watoto, pembe za mbuzi na matone ya mvua; tena hupunguza gharama. Ninyi wanafunzi, pigeni hesabu hii. Kibanda cha mita tatu kila upande kina mzunguko wa mita 12. Kama kimo chake ni mita mbili na wavu waanzia chini kabisa, mtahitaji mita 24 za mraba. Mkiweka ukuta mfupi, kimo cha wavu hubaki mita moja na sentimita 20, na mita za mraba huwa 14 na nusu kasoro kidogo. Mmeokoa karibu mbili ya tano ya gharama ya wavu.

KUCHAGUA WAVU

Dukani mtaonyeshwa nyavu za namna nyingi. Chukueni rula ya shule. Wavu mzuri una matundu sita au saba katika kila sentimita moja. Wavu wenye matundu makubwa kuliko hayo ni wa kuku, hata kama muuzaji ataapa. Wenye matundu madogo mno huzuia upepo, na ndani hukaa joto.

Kisha tazameni umetengenezwa kwa kitu gani. Wavu wa chuma kilichopakwa zinki ni mgumu, lakini mnajua mvua yetu. Moshi wa Nyiragongo una asidi, na mvua inayopita ndani yake hula mabati, hasa upande wa magharibi ambako upepo huupeleka moshi mara nyingi, kuelekea Rusayo na Sake. Kilichokula bati hakitashindwa na waya mwembamba kama unywele. Yafaa zaidi wavu wa nyuzi za kioo uliopakwa plastiki, au wa alumini. Wa nyuzi haushiki kutu, hukatwa kwa mkasi, na fundi yeyote huweza kuufunga. Adui zake ni moto, kisu na kucha za paka. Wa alumini hudumu, lakini ukikunjwa haunyooki tena. Rangi nyeusi au ya majivu ni bora kuliko nyeupe, maana macho huona nje vizuri zaidi.

Wavu usipigiliwe kwa misumari tupu, kwa sababu msumari hupasua nyuzi. Ubanwe kati ya ubao na kibanzi chembamba, kiunzi kwa kiunzi, ili kipande kimoja kikichanika, kibadilishwe hicho kimoja tu.

PAA NA MLANGO

Paa la majani ni zuri kwa macho na baridi kwa kichwa, lakini huficha wadudu, tena jiko liko karibu. Kwa hiyo bati ni salama zaidi, likipakwa rangi kuzuia kutu. Mvua kubwa ikilipiga hamtasikilizana. Basi ongeeni kwa sauti. Mawimbi ya bati huacha matundu mahali linapokutana na ukuta: yazibwe kwa vipande vya wavu. Na maji ya bati hilo msiyanywe. Moshi wa volkano huyatia floridi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa ya watoto.

Mlango ndio moyo wa kibanda. Ufunguke kuelekea nje, ili mbu waliotua juu yake wasisukumwe ndani. Ujifunge wenyewe: kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kikipigiliwa juu, chatosha. Chini yake, pachikeni ukanda wa mpira unaogusa sakafu. Wavu wa fedha nyingi wenye mlango unaobaki wazi ni mtego wa kuwafungia mbu pamoja nanyi.

UTUNZAJI

Kila Jumamosi mtoto mmoja apewe kazi ya kukizunguka kibanda na kukagua wavu. Tundu dogo lishonwe siku hiyo hiyo kwa sindano na uzi. «Usipoziba ufa utajenga ukuta.» Vumbi lioshwe kwa maji na brashi laini, maana wavu uliojaa vumbi haupitishi hewa.

Na tusisahau ua wenyewe. Goma haina mito wala mabwawa mengi, kwa kuwa mawe yetu hunywa maji ya mvua mara moja. Lakini kwa uhaba wa maji twayaweka majumbani mwetu: mapipa, ndoo, matangi, na makopo na matairi yaliyosahauliwa nyuma ya choo. Humo mbu wa namna mbalimbali hutaga. Mabaki ya wavu mliyoyakata yafungwe juu ya mapipa. Makopo na matairi yaondolewe. Si vema kumfungia mbu mlango huku tunamlea uani.

Wasomaji wetu, mwajua sasa shauri letu. Anayetaka kuchagua kibanda aanze na kuhesabu vyandarua vyake, kisha apime kiwanja chake kwa jicho la mtu anayejua mazuku, kisha akae na mke wake wakubaliane nani atakaa wapi saa moja ya usiku. Wakimaliza hayo, ndipo waende kwa muuza mbao. Na kama jioni moja nafasi ndani ya wavu haitoshi kwa wote, watu wazima wavae nguo ndefu wakae nje, na watoto waingie.